Rozina Agutu, Mama wa Jongoo Wekundu

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, Mama Rozina Agutu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha elimu ya misitu hapa Mwanza. Aliajiriwa afagie. Siku ya pili akamkuta jongoo mwekundu mwenye madoa ya njano ameachwa bila majani ya kula, akakigombeza kituo kizima, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumrudishia ufagio.

Wageni hudhani rangi zile ni urembo. Mama Rozina, mzaliwa wa Rorya, huwaambia ni onyo: jongoo huyu hana meno wala mbio, ila akitishwa hutoa sumu ya jamii ileile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Ndiyo maana masanduku yake yote yana matundu, na kila mtu hupiga hodi kabla ya kufunua. Mkurugenzi mmoja alisema yeye hawezi kumbishia hodi jongoo. Alifunua kwa nguvu, akanusa, na kikao cha bajeti kikaahirishwa.

Lakini hatutasahau siku tuliyohama kutoka Mirongo kwenda Usagara. Dereva wetu Ngosha, mwanamume wa kuswaga ng'ombe bila fimbo, huogopa jongoo kuliko trafiki. Mama alipokuwa akifungasha majani yao ya chakula, Ngosha aliwazoa jongoo wote kwa koleo, akawatia kwenye ndoo ya rangi, akakaza mfuniko na kuuzungushia selotepu, eti gari lisinuke. Tulipokaribia njia panda ya Usagara akajisifu kwamba safari nzima hatujanusa kitu, kwa vile alivyoiziba ndoo.

Weee! Mama Rozina alipiga ukelele, gari likasimama palepale. Jongoo akitikiswa hutoa sumu, na ndani ya ndoo isiyopumua sumu hiyo humuua mwenyewe. Wanawe aliowalea kizazi kwa kizazi walikuwa wanakufa.

Aling'oa selotepu kwa meno, akawamwaga pembeni mwa barabara juu ya kitenge chake kipya cha kwaya, akawapepea huku akiwasihi kwa Kijaluo. Wauza mahindi walikimbia, wakarudi kutazama, wakakimbia tena. Ngosha naye alivua shati akapepea upande wa pili. Jongoo mmoja akasogeza miguu, kisha mwingine. Wengi walipona. Waliokufa Mama aliwalilia hadharani, na sisi tukalia naye.

Wiki iliyopita tulimuuliza anataka zawadi gani. Tulitarajia jokofu. Akasema hataki kitu, ila usingizi haumjii kwa kuwaza atamwachia nani wanawe.

Basi Mama, tunakujibu hapa mbele ya watu. Ngosha ameomba kuacha usukani achukue chumba chako cha jongoo. Mwombaji alikuwa yeye peke yake, kusema kweli. Jana alimpakata jongoo kiganjani kwa mara ya kwanza, macho ameyafumba, jasho linamtiririka, lakini hakumwangusha.

Asante sana kwa yote. Nenda nyumbani ule samaki, ulale mpaka jua likutoe kitandani. Wanao wako salama.