Pazia Jekundu la Bwana Msellem

Ifikapo tarehe 30 Novemba 1988, Bwana Msellem Abdillahi wa Shella, msimamizi wa kitalu chetu cha miti, atastaafu baada ya kuitumikia idara kwa miaka ishirini na tisa. Katika muda huo alichelewa kazini mara moja, na baiskeli yake ndiyo iliyobeba lawama.

Aliajiriwa kumwagilia miche. Alipopandishwa cheo aliendelea kumwagilia, kwa maelezo kwamba cheo chake hakiizuii miche kuona kiu.

Kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya ukingo wa Sabaki. Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini mto ulikuwa ukila mashamba kila masika. Mjini Malindi watu walilalamika kwamba bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa, wakawalaumu wakulima. Wakulima wakawalaumu walio juu yao, na hivyo lawama zikapanda mto hadi mahali tusipopajua. Wakati huo jiko la Mama Nyevu Charo, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa ukingoni, lilikuwa karibu kutumbukia majini. Bwana Msellem aliziacha lawama ziende zake, akawaomba kina mama washirikiane na kitalu kupanda mianzi, mikuyu na mikwaju.

Miche ya kwanza ililiwa na mbuzi, na iliyosalia ikakatwa na wachoma makaa. Ya pili tuliifyeka wenyewe tukidhani tunapalilia. Ili aibu hiyo isijirudie, na kwa kuwa idara haikuwa na rangi ya kuwekea alama, Bwana Msellem alichana kitambaa chekundu, akafunga kipande kwenye kila mche.

Haikupita wiki, mbuzi wakaanza kuzungushwa njia ya mbali. Wachoma makaa wakahama bila kuaga. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Msellem ameweka kago, dawa ya kulindia shamba, na atakayegusa mche atavimba tumbo.

Habari hizo zilifika msikitini kabla yake. Watu aliosali nao tangu utotoni wakaacha kumpa mkono, na jambo hilo lilimuumiza sana. Alieleza kwamba ni pazia tu. Wazee wakataka waone lililobaki. Hivyo ndivyo mkewe, Bi Mahfudha, alivyojua pazia lake lilikokwenda, na kesi ikahamia nyumbani, ambako ilichukua muda mrefu zaidi.

Wazee waliridhika, lakini walimtaka aseme kweli na huko ukingoni. Hapo pakawa pagumu, maana akisema kweli mbuzi watarudi, na jiko la Mama Nyevu litakwenda na maji. Alisema kweli. Mama Nyevu akamjibu kwamba wao wanajua tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kipande kimoja bado kilikuwa na pete ya kutundikia. Tena wao ndio waliowapa wenye mbuzi habari za tumbo. Kisha akauliza kama liko pazia jingine.

Bwana Msellem aliwaendea wenye mbuzi pia. Walimsikiliza kwa adabu, wakakubaliana kwamba mwenye kago lake hawezi kukiri, wakaendelea kuzunguka. Msimu uliofuata kina mama walileta leso zao kuukuu, nyekundu zote.

Leo ukingo wa kaskazini umesimama, na jiko la Mama Nyevu linapika. Ng'ambo ya kusini bado ni mchanga mtupu, na kina mama wanataka kuanza kupanda huko vuli hii.

Juma lililopita Bwana Msellem alikuja kukabidhi funguo. Alipotoka alikuta usukani wa baiskeli yake umefungwa kitambaa chekundu. Kina mama waliokuwa wamekaa hapo kando walisema hawakumwona aliyefunga. Yeye, anayejua kuliko mtu yeyote kwamba kitambaa kile hakina kitu, alifuta macho, akaiacha baiskeli, akaenda zake kwa miguu.

Bwana Msellem, tunakushukuru, na itatuwia vigumu bila wewe. Tunakuombea afya, raha ya nyumbani, na mapazia mapya kwa Bi Mahfudha. Baiskeli ipo palepale, hakuna aliyeigusa. Njoo uichukue Jumatano, siku ya kupanda.