Kimeo Changu na Sauti ya Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Salamu hii naitoa kwa mdomo, na pua yangu imetulia. Mnivumilie, maana ni miaka miwili sijasimama hapa mbele.

Mimi ni Tumaini, mwimbaji wenu wa zamani. Nimekulia Mgololo, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Naikumbuka sana ile nyumba! Asubuhi ukungu umejaa uani, sisi watoto tumezunguka moto jikoni, mama anatufundisha nyimbo za kwaya. Alikuwa na mtindo wake. Katikati ya ubeti anakubana pua kwa vidole vyenye harufu ya moshi. Sauti ikigeuka, unarudi mwanzo. "Wimbo unatoka mdomoni, we mtoto. Pua ni ya kupumulia." Nilibanwa pua hiyo mpaka, tulipohamia huku, nikawa mwanzisha nyimbo wa usharika huu wa Nyololo.

Basi nikashikwa na kikohozi kisichokwisha. Majirani wakasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni, kimekuwa kirefu, kikatwe. Kwetu vimeo vimekatwa tangu zamani, hata mimi sikubisha. Mama mwenyewe alinipeleka kwa mkataji, akanishika kichwa. Mkataji akapitiliza, akaondoka na nyama ya pembeni.

Jioni nikanywa uji, ukatokea puani. Nilipojaribu kuimba, ndugu zangu, hewa yote ilikimbilia puani, maneno hayashikiki. Na kikohozi kipo palepale! Mama hakunibana pua tena, na yeye mwenyewe akaacha kuimba. Tulimenya viazi bila wimbo, mimi na yeye, na hilo liliniuma kuliko kidonda.

Nilimlaumu, nakiri mbele zenu. Nikahamia kwa shangazi, kule Iyunga, bila kumuaga mama vizuri. Huko Mbeya Mungu akanikutanisha na daktari mmoja mama. Kwanza alitibu kifua, kikohozi kikaisha. Kisha akanimulika kinywani, akanipa kioo nijionee. Akanieleza kwamba kaakaa mbele ni mfupa, nyuma ni laini, na ndani ya ule ulaini mna misuli inayolinyanyua kila tunapomeza au kutamka, njia ya puani ikafungwa. Yangu ilikuwa imekatwa, mlango haufungi. Maisha yote nilikuwa na kaakaa hilo, wala sijawahi kulishukuru hata siku moja.

Halafu akanyoosha mkono, akanibana pua, akaniambia niseme pa-pa-pa. Nikaangua kilio. Alidhani ameniumiza, kumbe nilikuwa nimerudi jikoni Mgololo.

Walinishona. Kwa miezi nilifanya mazoezi ya kupuliza na kutamka, mpaka watoto wa shangazi wakawa wananiigiza. Siku chai iliposhuka yote bila kupanda puani, nilifunga mizigo.

Ndugu zangu, Mungu aliyenirudishia sauti hatashindwa na lako. Mtegemee. Na mwenye mtoto anayekohoa ampeleke hospitali, kimeo akiache mahali pake.

Mama yangu yuko pale, benchi la tatu, ameinamisha kichwa. Mama, nimerudi juzi na bado hujaniuliza kuhusu kuimba. Sina kinyongo tena, nami unisamehe kwa kuondoka vile. Njoo hapa mbele unibane pua, nianzishe wimbo.