Kabla Sijawasha Jiko

Bwana asifiwe sana! Na ninyi wazee wetu wa hapa, nawasalimu kwa Kigogo: mbukwenyi! Mimi ni Tabitha, nakaa Area D na mume wangu na mama yake, Bibi Yudith, yule pale benchi la pili. Kazi yangu ni kupika chakula cha semina na mikutano.

Ndugu zangu, Bunge likianza mji huu unajaa wageni, na oda zinakuja mfululizo. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu wa haraka. Kwaya niliiacha, nikasema nitarudi Bunge likiahirishwa. Likaahirishwa, zikaanza harusi. Jumapili nikawa nafika kanisani wakati wa matangazo. Biblia yangu nilikuja kuikuta chini ya rundo la vitambaa vya meza, wala sikumbuki niliiweka lini.

Kila alfajiri mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, tuombe kidogo kwanza." Nami namjibu nikiwa natembea, "Shikamoo mama, niombee tu. Mungu anaiona hali yangu."

Nina msaidizi, Mwajuma, dada wa Kondoa, Mwislamu. Yeye haji kazini mpaka aswali. Nilimgombeza sana! Akanijibu kwa upole, "Nisamehe dada, lakini hiyo siwezi kuiruka." Nilinuna siku nzima.

Sasa, mpira wa gesi wa jiko langu ulikuwa umechoka. Fundi aliniambia niubadilishe. Duka haliko mbali. Wiki tatu nikawa nasema kesho.

Siku hiyo nilikuwa na chakula cha watu mia mbili. Ilikuwa Juni, mnaijua baridi ya Dodoma na upepo wake, na mafua yalikuwa yamenibana, sisikii harufu yoyote. Kiberiti mkononi, naelekea jikoni, chumba cha uani. Nikamkuta mama mkwe ameweka kigoda kwenye mlango wa kutokea uani, amekikalia.

"Leo hutoki bila kuomba."

"Mama, nachelewa!"

"Chelewa. Mimi mzee, sina nguvu za kukuzuia. Ukitaka kupita, niruke."

Ndugu zangu, nani anamruka mama mkwe? Nilikaa chini kwa hasira. Akaanza kuomba kwa Kigogo, taratibu, akitaja wajukuu mmoja mmoja. Yeye anaomba, mimi moyoni napiga hesabu ya chapati. Hajafika mjukuu wa mwisho, tukasikia Mwajuma, ndiyo kwanza anafika kutoka kuswali, anapiga kelele uani: "Dada! Usiwashe kitu! Gesi!"

Kiberiti kilinidondoka. Mpira ulikuwa umepasuka. Madirisha ya jikoni nilikuwa nimeyafunga kwa ajili ya baridi, na chumba kizima kilikuwa kimejaa gesi. Mwajuma alifunga mtungi, akafungua mlango na madirisha. Nyumba ile ilikuwa na watoto wangu watatu, wamelala!

Mama mkwe alimalizia wajukuu waliobaki, akasema amina.

Chakula kilichelewa. Mwenye semina alinifokea mbele za watu, na oda zake hajanipa tena mpaka leo. Sawa. Niko hai.

Sitamsingizia shetani. Mpira ulikuwa uzembe wangu, nao ulitokana na haraka ileile iliyonifanya nisimjali Mungu. Lakini Bwana alinihurumia. Alimtumia bibi mwenye kigoda, akamtumia dada ambaye hakukubali kazi yangu imtangulie Mungu wake. Nilimwomba Mwajuma msamaha. Akacheka, akasema tumenye viazi.

Siku hizi tunaomba kwanza, nyumba nzima, na kazi inaenda. Kuna siku bado nasinzia katikati ya maombi, nawaambia ukweli. Lakini nakuwepo.

Ndugu yangu, kama umebanwa na kazi, sikwambii uiache. Nakwambia mpe Bwana ile saa ya kwanza, hata ukiwa na hasira, hata mawazo yako yakiwa kwingine. Mtegemee, hatakutupa. Anayetaka kuanza leo, asimame, nami nitasimama naye. Asante Yesu, watoto wangu wapo!