Pai ya Dokta Annika

Basi la kwenda maonyesho ya kilimo ya Iowa lilikuwa limeanza safari Mzee Verlyn alipomtambua Dokta Annika, yule anayekadiria kwa kompyuta mbolea itakayovuja kutoka mashambani hadi majini. Sisi wa kiti cha nyuma tukatega masikio, kwa heshima ya umbea.

"Binti, mwaka jana ulinikataza kuweka mbolea ya msimu ujao mara tu baada ya mavuno, nikasubiri. Jirani zangu wakanicheka wee! Mvua ilipokuja, mbolea yao ikaenda zake mtoni. Kisima changu kimepimwa, safi kabisa! Sasa mjukuu wangu mchanga anakorogewa maziwa ya unga kwa maji ya nyumbani, bila hofu ya sumu ya mbolea."

Masikio ya Annika yakawaka kwa haya. Wakulima walizoea kumlaumu tu. "Nimefurahi, mzee. Lakini mwaka mmoja si ushahidi. Shukuru bahati."

"Bahati nitaipaje pai?" Mzee akampakatisha pai ya matufaha, bado ina joto.

"Na mwaka huu utasubiri tena?"

"Nitasubiri, ukikubali kushukuriwa."

"Kwa makadirio tu? Sikubali!"

"Basi rudisha pai."

Basi likasimama getini. Dokta akashuka ameikumbatia pai, akiendelea kubisha, mdomo umejaa matufaha.