Karatasi ya Kilio

Katika basi la kwenda mji wa Gunsan, Korea, mzee Deoksu, mgane asiyesoma sana, alichungulia karatasi za binti aliyekaa ubavuni pake. "Analia, analia, analia. Ukurasa mzima! Nini hii, binti?"

"Najifunza utafiti wa chekechea, babu. Kila nusu dakika naandika mtoto anafanya nini."

"Na kumbembeleza?"

"Profesa kakataza. Nikimgusa, kazi inatupwa, nami nafelishwa."

"Hao wakubwa wenu! Mke wangu naye, wauguzi waliandika tu hali yake hospitalini, kila saa, mwandiko safi, mpaka akakata roho."

Binti akainama. "Leo narudi kwa mtoto yuleyule."

"Sasa utafanyaje?"

Basi likasimama mbele ya chekechea. Mlango ukafunguka, kilio cha mtoto kikaingia. Binti alikuwa bado ameketi, hajaamua kama ataandika au atambembeleza.