Mzigo wa Roda Mbeyu kutoka Rabai

Ndugu waombolezaji, mimi ni Abner Machogu, mdogo wake hayati Manasseh, mume wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya shemeji yangu.

Roda Mbeyu alizaliwa Rabai, Pwani, tarehe 3 Mei 1938, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaungana na mama yake na dada zake watatu kupika mahamri na mbaazi za nazi kando ya barabara, kazi iliyoilisha nyumba yao. Hapo ndipo kaka yangu, aliyekuwa kibarua bandarini Mombasa, alipomfahamu, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1963, wakajaliwa mabinti wawili, Nyanchama na Esnah, na mwaka 1968 wakahamia hapa Kebirigo, ambapo marehemu alifungua kibanda cha chakula sokoni.

Manasseh alifariki ghafla Agosti 1971, na sitaficha kwamba tulimshuku mjane wake. Kila mwezi basi lilimletea mzigo wenye harufu kali kutoka kwao, nasi tukasema ni uchawi wa Pwani, nikawakataza wanangu hata kupita mbele ya kibanda chake. Juni 1972 niliuwahi mzigo huo stendi, nikaufungua mbele ya majirani, tukakuta nazi, papa mkavu, chupa za achari na unga mweusi uliofungwa kwenye kitambaa, tukavichoma vyote.

Roda alipopata habari aliniambia, "Shemeji, ule unga ni pilipili manga. Achari na papa dada zangu hunitumia niwauzie, na watoto wao wanakula kwa pesa hizo." Sikumwamini.

Januari 1974 alipofiwa na mama yake nilimsindikiza Rabai, si kwa huruma, bali nimwone mganga wake. Niliwakuta dada zake wakikuna nazi tangu alfajiri, wateja wakingoja na bakuli zao, na nikaelezwa, bila lawama, kwamba binti wa mmoja wao aliacha shule muhula ule tulipochoma mzigo. Hata hivyo, waliponiandalia chakula, nilingoja wao waanze kula.

Oktoba 1977 kisukari kilimlemea marehemu, akalazwa Kisii mara mbili, akafariki Jumanne, tarehe 7 Machi 1978.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba hadi barabarani, wanawake wa soko waliokiendesha kibanda chake, na dada zake waliofika jana. Najua wapo hapa waliowaona jikoni asubuhi, wakanong'onezana kwamba watakula makwao.

Shemeji Roda, sikukuomba msamaha ukiwa hai, nakuomba leo mbele ya watu hawa. Pumzika sasa, na Mungu akulaze kwa amani.