Mama Pindo, Fundi Aliyewaachia Wasichana Nafasi

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, binti wa mwashi. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake.

Shangazi alikuwa na mkono mwepesi. Mtoto akiomba kuongezewa chakula, alichapwa mwiko. Usiku alifungwa kitambaa tumboni ili asinenepe, kikakazwa mpaka akahema kwa shida. Siku ya harusi ya binamu yake, zipu ya gauni aliloazimiwa marehemu iligoma kupanda. Shangazi alikuwa ameshika pasi ya mkaa. Akambandika nayo pajani, akamuuliza, “Na bado utakula?” Kovu lile lenye ncha kama ya pasi, leo amekwenda nalo.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1972 sketi yake ilipasuka kwenye mstari wa asubuhi, na mwalimu wa zamu akamchapa viboko kwa kuharibu sare, wenzake wakicheka. Hakurudi tena. Akaenda kujifunza cherehani kwa jirani.

Mwaka 1980 aliolewa na dereva wa lori. Bwana huyo alimwita “gunia” mbele ya wageni, na wageni wakishaondoka alimpiga. Alimvunja meno mawili na mfupa wa mtulinga begani. Siku alipomfuata mpaka kwenye cherehani, marehemu alimtandika kwa rula ya mbao ya kupimia. Rula ilivunjika, na mkono wa bwana nao. Ndoa ikaishia hapo. “Rula ndiyo niliyoililia,” alikuwa akisema.

Alifungua chumba chake cha ushonaji mwaka 1985. Ndani ya kila gauni la msichana aliacha kitambaa kipana kwenye mishono na pindo, ili mwili ukikua, gauni lifumuliwe na kuachiwa, lipanuke. Na mbele ya kioo chake palikuwa na sheria: anayeutukana mwili wake anafagia chumba. Wasichana walifagia, na mama zao walifagia. Chumba kile kilikuwa kisafi kuliko zahanati.

Wengi mnakumbuka siku msichana wa jirani alipoingia mbio, blauzi imepasuka ubavuni, mgongo unavuja damu. Baba yake alikuwa nyuma, mkononi waya wa umeme.

“Mama, toka mlangoni. Huyu ni mwanangu.”

“Najua ni mwanao. Ila nampima, sijamaliza.”

“Anavimba kama maandazi, ananimalizia sare!”

Waya ukashuka, ukampasua marehemu kichwa. Hakutoka. Ulipoinuliwa tena aliudaka, akaukata kwa mkasi wake wa kitambaa, kisha akauelekeza mkasi kwenye koo la mwanamume yule mpaka majirani wakafika kumchukua. Halafu, damu ikimtiririka shavuni, akamgeukia mtoto.

“Inua mikono, mwanangu.”

“Mimi ni mnene, mama. Nguo zinanipasukia.”

“Kwanza utafagia. Pili, hiyo blauzi imeshonwa vibaya. Wewe umekua, basi.”

Mkasi uliharibika, na akalalamikia mkasi kuliko kichwa. Msichana hakurudi kwao. Akawa binti yake, na fundi.

Mwaka 2021 marehemu aliugua ini. Mwili ulivimba, miguu na tumbo vikajaa maji. Kila jioni alimwambia binti yake jambo moja: “Usiniache wakanibana.” Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023, alfajiri.

Gauni la kuzikiwa alikuwa amejishonea mwenyewe, enzi za afya yake. Pale chumba cha maiti halikupita kifuani. Mhudumu, mtu mwema tu, akachukua kisu.

“Tunalipasua mgongoni, dada. Ndivyo tunavyofanya. Hakuna atakayeona.”

“Hapana, kaka. Weka hicho kisu.”

Binti akaligeuza gauni nje ndani. Kwenye mishono yote miwili palikuwa na kitambaa kipana, kimekunjwa na kupigwa pasi vizuri, kinasubiri. Akaketi sakafuni, akafumua, akashona upya kwa mkono. Lilimkaa. Ndilo alilovaa humo ndani ya jeneza sasa hivi.

Ameacha binti huyo, mkwe, wajukuu watatu, mdogo wake wa kiume, na wasichana wengi mliosimama hapa katika magauni yake, mengine yameshaachiwa mara mbili.

Apumzike kwa amani mama yetu, na pasimbane popote.